Dada Anapoishiwa

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hii ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli inaogofya. Inatuambia kwamba sehemu kubwa ya mapenzi tuyaonayo duniani imefungwa katika kiganja chenye kitu. Kiganja kikikunjuliwa na kuonekana kitupu, ndimi zilizokuwa zikilamba hugeukia kwingine. Lakini wahenga hao hao walinena vile vile kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hizi mbili hazipatani, na ifikapo siku ya siku mtu hana budi kuchagua ni ipi kati yake ataifuata. Kwetu sisi, waumini wa parokia moja iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam, siku hiyo ilifika ndani ya bahasha.

Parokia yenyewe siitaji jina, kwani ninayoyasimulia yangeweza kutokea katika parokia yo yote ya mjini. Itoshe kusema kwamba mimi ni karani katika ofisi moja huku Kivukoni, naishi Kariakoo pamoja na wanangu, na kwa miaka kadhaa sasa ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Wasomaji wasio Wakatoliki wataniwia radhi nikieleza kwamba jumuiya hizi ni makundi ya familia jirani, wanaosali nyumba kwa nyumba na kusaidiana katika ugonjwa, msiba na arusi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika kazi ya Kanisa mwaka 1976, na tangu hapo jambo lo lote la parokia lenye uzito huanzia humo, na aghalabu huishia humo.

Parokia yetu ina parokia dada huko kusini mwa Ujerumani. Undugu huo ulianza kwa njia ya kawaida kabisa. Padre mmoja kutoka kwetu alikwenda huko masomoni, akawa anasaidia kusoma Misa siku za Jumapili katika mji mdogo wa wakulima na mafundi. Wakampenda, naye akawapenda. Aliporudi nyumbani barua zikamfuata, na baada ya barua zikafuata fedha. Basi kila mwaka, majuma machache kabla ya Pasaka, fedha zilikuja, na kila mwaka, majuma machache baada ya Pasaka, shukrani zilikwenda. Kwa fedha hizo tulijenga tangi la maji, tukanunua viti vya ukumbi, na kubwa kuliko yote, watoto 11 walisaidiwa kusoma.

Hapa pengine msomaji atauliza: wasaidiwe nini, na hali tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne? Mzazi ye yote wa mjini analijua jibu. Ada imeondoka, lakini sare haikuondoka, wala viatu, wala madaftari, wala nauli ya daladala, wala chakula cha mchana. Kwa mtoto anayelelewa na bibi anayeuza vitumbua, vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua kama ataonekana darasani au la. Watoto wetu 11 walikuwa wa namna hiyo. Si wote waliokuwa Wakatoliki, na wawili kati yao walikuwa wasichana waliokwisha kumaliza shule, wakijifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, ambako ada ilikuwapo.

Neno hili "dada" limenifikirisha mara nyingi. Katika Kiswahili chetu dada ni mkubwa. Ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamfundisha kufunga kanga, akampiga pia kofi alipostahili. Mdogo haitwi dada na dada yake. Lakini katika barua zile wao walituita dada, nasi tukawaita dada; kila mmoja akampa mwenzake heshima ya ukubwa. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri. Kwa vitendo kila mtu alijua nani ni dada na nani ni mdogo, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine chini, na haukutokea mwaka hata mmoja mikono ikabadilishana.

Ukweli ni kwamba mkono huo wa juu tumeuzoea kwa muda mrefu. Mimi hupita kila asubuhi mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Kivukoni, wakati watu waliovuka na pantoni kutoka Kigamboni wanapopanda kuelekea Posta. Kanisa lile lilijengwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Wamisionari hao walikuwa wamefika nchini mwaka 1888 na kuanza kazi Pugu. Mwezi Januari 1889, wakati watu wa pwani walipokuwa wakipigana na utawala wa Kijerumani chini ya Abushiri, nyumba yao ya Pugu ilishambuliwa na watatu kati yao wakauawa. Ndipo kazi yao ikahamia mjini, karibu na bandari, chini ya ulinzi wa serikali ile ile iliyokuwa ikipigwa vita. Historia ni mama mgumu. Haitufichi kwamba sadaka za wakulima maskini wa Bavaria na bunduki za serikali ya Kaiser zilishuka katika bandari moja.

Lakini historia hiyo hiyo inatueleza jambo jingine ambalo hatulikumbuki mara kwa mara. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, na Waingereza walipoitwaa nchi hii, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na kisha kurudishwa kwao. Fedha zilikatika. Mapadre walipungua sana, na Wakapuchini kutoka Uswisi walipokea kazi hapa Dar es Salaam mwaka 1921. Katika miaka ile ya katikati, mahali pengi imani ilishikwa na makatekista, watu wa hapa hapa, waliofundisha na kuzika na kubatiza bila mshahara wa maana. Kwa hiyo si mara ya kwanza kwa mfereji kutoka ng'ambo kukauka, na watu kusimama wima.

Nakiri kwamba picha niliyokuwa nayo ya watoaji wetu ilikuwa ya watu wenye nafasi. Wengi wetu tuliamini hivyo, na kwa kiasi fulani tulikuwa na sababu. Kanisa la Ujerumani lina kodi yake, ambayo serikali huikusanya kutoka kwa waumini walioandikishwa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kufuatana na jimbo la nchi. Lina mashirika makubwa kama Misereor, lililoanzishwa mwaka 1958, ambalo hukusanya sadaka ya Kwaresima kwa ajili ya nchi maskini. Lakini mtawa mmoja wa hapa kwetu, aliyeishi huko miaka minne na ndiye anayetutafsiria barua, alitueleza kwamba fedha za undugu wetu hazikutoka kwenye kodi wala kwenye mashirika. Zilitokana na keki. Akina mama walioka keki nyumbani, wakaziuza kwa vipande katika ukumbi baada ya Misa, pamoja na kahawa na jamu ya matunda ya bustani zao. Na mwezi Januari, katika baridi inayopasua midomo, watoto walivaa mataji ya karatasi wakijifanya Mamajusi, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiimba na kuandika kwa chaki juu ya milango, na kupokea sarafu kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Desturi hiyo ya kuchangia watoto wa ng'ambo imepangwa nchi nzima tangu mwaka 1959.

Habari hiyo ya keki ilinigusa kuliko takwimu zo zote. Kuuza vipande vya keki na kuuza vitumbua kuna tofauti gani? Kumbe shati la mtoto wa Mtaa wa Swahili lilitoka katika jiko la mama mmoja wa huko, mwenye magoti yanayouma kama yangu, ambaye aliamka alfajiri ya Jumapili kukanda unga.

Kisha ikaja barua ile. Ilisomwa kwanza katika Halmashauri ya Walei, halafu nakala zikagawiwa kwa makatibu wa jumuiya. Ilikuwa barua fupi. Walituarifu kwamba parokia yao inaunganishwa na nyingine nyingi kuwa parokia moja kubwa. Jambo hilo si la mji wao peke yake. Jimbo Kuu la Freiburg, kwa mfano, lilipanga parokia zake zipatazo elfu moja ziwe 36 tu kuanzia Januari 2026. Waumini wanapungua, katika mwaka 2023 peke yake Wakatoliki zaidi ya 400,000 wa Ujerumani walijiondoa rasmi katika Kanisa. Mapadre nao ni wachache na wazee. Barua ikaendelea kusema kwamba ukumbi ambamo keki zilikuwa zikiuzwa utauzwa wenyewe. Kati ya watu saba walioianzisha kamati ya undugu, wanne wamekwisha kufa, na watatu waliobaki hawawezi tena kusimama nyuma ya meza. Fedha za mwaka huo zingekuwa za mwisho. Wakaomba radhi. Hawakuomba kitu kingine.

Jumuiya yetu ilikutana siku ya Jumamosi katika ua wa nyumba moja ya Kariakoo, nyumba ya vyumba sita ya mtindo wa zamani, ambayo bado haijabomolewa kupisha ghorofa. Mwenye nyumba ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, ambaye hututandikia mkeka bila kuombwa na kisha huenda zake jikoni, akisikia yote bila kusikiliza, kama wenye nyumba wajuavyo. Niliisoma barua. Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja tunayemheshimu sana, fundi seremala mstaafu, akaomba kusema.

"Ndugu zangu," alisema, "tuwaombee wenzetu, na tuwashukuru. Lakini watoto wapo, na Januari ipo. Nashauri paroko aombwe atafute parokia dada nyingine mapema. Nasikia Marekani wapo wanaotafuta. Wengine wameshapata."

Wengi walitikisa kichwa kukubali, na kwa kweli mzee hakusema upuuzi. Undugu wa namna hii umeenea. Ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Iringa wana undugu wao na sinodi moja ya Minnesota uliopewa jina la "Bega kwa Bega", ulioanza mwaka 1987. Jimbo Katoliki la Mbinga lina undugu na Jimbo la Würzburg tangu mwaka 1989, nayo miji ya Würzburg na Mwanza ilikuwa imeshikana mikono tangu mwaka 1966. Anayetafuta hukosi kupata.

Ndipo mama mmoja auzaye dagaa na mchele akainua mkono. Si msemaji katika mikutano yetu. Alisema hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sikusoma, nina swali dogo tu. Dada yako akiugua asiweze kupika, unakwenda kutafuta dada mwingine ambaye chungu chake kinachemka?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Soko letu lilipoungua mwaka 2021," aliendelea, "mtaji wangu wote uliteketea. Nilibaki na kanga mbili na deni la magunia. Ninyi mlioko humu mlinichangia nikaanza upya. Hakuna aliyesema, huyu mama hana kitu sasa, tutafute mwuza dagaa mwingine."

Mzee alimjibu kwa upole: "Mama, maneno yako ni mazuri. Lakini watoto hawavai maneno."

Katika sentensi hizo mbili, ya mama na ya mzee, ndimo lilimokuwa jambo zima. Mama alikuwa akiutetea undugu. Mzee alikuwa akiwatetea watoto. Wote wawili walikuwa na haki, na jumuiya isingeweza kumchagua mmoja na kumwacha mwingine. Tulikaa hadi adhana ya magharibi. Mwisho tulipeleka mapendekezo mawili kwenye parokia, na kwa bahati njema jumuiya nyingine zilikuwa zimefikiri karibu yayo hayo. La kwanza: watoto wawe wetu. La pili: tusitafute dada mwingine mpaka tutakapokuwa tumemjibu huyu tuliye naye kwa namna ya ndugu.

La kwanza lilikuwa la hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Parokia ina jumuiya 33 na watoto walikuwa 11. Kwa hiyo kila jumuiya tatu zikambeba mtoto mmoja. Si mtoto wa kwenye karatasi, bali mtoto anayejulikana kwa sura, ambaye mama fulani amekwenda kumpima kiatu na baba fulani ameiona ripoti yake ya mtihani. Kila familia iweze kutoa shilingi 1,000 kwa juma, na asiyeweza atoe kazi: kushona sare, kufundisha hesabu jioni, kumpa mtoto sahani ya chakula. Hesabu husomwa kwa sauti mwisho wa mwezi mbele ya wote, pamoja na risiti.

Nisimdanganye msomaji kwamba mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Miezi miwili ya kwanza kapu lilijaa; mwezi wa tatu lilipungua nusu. Michango ya arusi ililibana, kisha ikaja misiba miwili mfululizo. Jioni ile tulipokuwa tukihesabu kilichopungua, mwenye nyumba wetu alitoka jikoni akaweka noti mbili juu ya mkeka. Tulipotaka kumkatalia alisema, "Mtoto mnayemsomesha hupita mlangoni kwangu akiniamkia. Kwani shikamoo yake ni ya Wakatoliki peke yao?" Tangu siku ile jina lake limo katika daftari langu, na kwa kweli halijakosa mwezi.

Na kuna mtoto mmoja tuliyempoteza. Alikuwa kidato cha tatu, mwerevu, mkimya. Kati ya kuisha kwa fedha za ng'ambo na kuanza kwa zetu palipita majuma saba, na katika majuma hayo saba yeye alikwenda sokoni kubeba mizigo, akaona fedha mkononi jioni, hakurudi darasani. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na wabeba mizigo wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mtoto wetu amekuwa mbeba mizigo katika mitaa hiyo hiyo. Hukutana naye Mtaa wa Congo, akiwa na gunia begani, akaniamkia kwa adabu zake zile zile. Jumuiya mbili bado zinamfuata kumsihi. Bado hajarudi. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo wasemao kwamba kujitegemea ni neno la kutamka tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba taifa linaloegemea fedha za wengine huuweka uhuru wake rehani. Ni kweli, lakini anayeuondoa mkongojo hana budi kuwa amekwisha kuutia mguu nguvu, na sisi tulianza kuutia nguvu siku mkongojo ulipovunjika. Gharama ya kuchelewa huko aliilipa mtoto.

Pendekezo la pili lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Utampa nini mtu ambaye siku zote ndiye aliyekuwa akikupa? Palikusanywa shilingi 180,000. Mweka hazina wa parokia akatuambia kwamba gharama za benki za kuzipeleka ng'ambo zingemeza sehemu yake nzuri, na huko zikifika zingenunua vitu vichache mno. Ndipo wale wasichana wawili wa ushonaji wakatoa shauri. Fedha zikanunua kitambaa cheupe cha pamba na nyuzi. Kwa majuma matano walikitia nakshi pembeni: mashua za Kivukoni upande mmoja, na upande wa pili mashuke ya ngano, ambayo hawajapata kuyaona shambani ila katika picha ya kadi moja ya Krismasi iliyotoka huko. Ilikuwa kazi safi, iliyonyooka. Kitambaa cha altare. Padre mmoja aliyekuwa akisafiri alikichukua katika mzigo wake.

Pamoja nacho ilikwenda barua, na katika barua tuliwaomba kitu kimoja: majina ya marehemu wao. Sisi huku, kama Wakatoliki wote, tunawaombea marehemu mwezi wa Novemba, na majina yao husomwa. Jibu lilikuja likiwa na majina 26, wale wanne wa kamati wakiwa wa kwanza. Katekista wetu alipata taabu kuyatamka. Alijifunza kwa mtawa yule siku tatu. Jumapili ile katika Misa ya pili, kanisa likiwa limejaa hadi watu wamesimama nje chini ya mwarobaini, yalisomwa majina ya wale akina mama na akina baba wa keki na jamu, katikati ya majina ya kina nyanya zetu na wajomba zetu. Mama wa dagaa alikuwa amekaa mbele yangu. Kila jina liliposomwa alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea wageni mlangoni.

Nimejifunza baadaye kwamba tulichokifanya si kitu kipya. Mtume Paulo alikusanya mchango katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho anaeleza jinsi Wamakedonia walivyotoa hali wao wenyewe walikuwa mafukara. Mchango wa kwanza mkubwa wa parokia kwa parokia ya ng'ambo haukutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ulitoka kwa watoto kwenda kwa mama. Na mwaka 1957, Papa Pius wa Kumi na Mbili alitoa waraka uitwao Fidei Donum, akiyataka majimbo ya nchi zenye mapadre wengi yawaazime wengine kwa nchi zenye uchache, na macho yake yalikuwa yakitazama Afrika. Leo mapadre wa Kiafrika, Watanzania wakiwamo, wanaongoza Misa katika miji ya Ujerumani iliyokosa mapadre. Mkondo umegeuka, na walioutazama ulipokuwa ukija upande huu wanapaswa kujiuliza wamejiandaaje sasa unapokwenda upande ule.

Mwalimu Nyerere, alipozungumza na watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, aliwahimiza watu wa Kanisa wafanye kazi pamoja na maskini badala ya kuwafanyia kazi tu. Maneno hayo aliwaambia wageni. Naona yanatuhusu na sisi, kwa maana iliyopinduka kidogo: tusikubali kufanyiwa tu. Anayefanyiwa kila kitu hujifunza kuandika barua za shukrani, naye huandika vizuri mno, lakini siku mwandikiwa akiishiwa hajui aanze vipi barua ya pole.

Sisemi kwamba misaada ikataliwe. Kutoa ni moyo, na kupokea pia ni moyo. Anayekikataa kipande cha keki cha mama aliyeamka alfajiri anamwonea. Ninachosema ni kwamba kila parokia, kila msikiti, kila shule na kila chama chenye rafiki wa ng'ambo kijiulize maswali mawili leo, wakati fedha zingali zinakuja. Swali la kwanza: zikikatika kesho, ni mtoto yupi atakayekuwa sokoni na gunia begani baada ya majuma saba? La pili: rafiki huyo, tunayajua majina ya watu wake waliokufa? Asiyeweza kujibu la kwanza hajawapenda watoto wake vya kutosha. Asiyeweza kujibu la pili ana mfadhili, lakini bado hajapata ndugu.

Barua ya mwisho kutoka kwao ilifika kabla ya Kwaresima. Kitambaa chetu kimehamia katika kanisa la parokia yao mpya kubwa, na wazee watatu waliobaki wameomba tuendelee kuandikiana, ingawa, wanasema, hawana tena cha kuweka ndani ya bahasha zaidi ya barua. Jumuiya imenipa mimi kazi ya kuwajibu. Watoto kumi wanaendelea na masomo. Michango ya mwezi huu imepungua kwa shilingi 14,000, na Jumamosi tutazitafuta.